Nani Anamuuliza Mama?

Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia safari ya mwisho ya Raheli. Njiani kuelekea Efrata uchungu ulimshika, ukawa mkali kuliko kawaida. Mkunga akamtuliza: asiogope, amepata tena mtoto wa kiume. Raheli, roho ikimtoka, akampa mtoto jina lenye maana ya mwana wa uchungu wangu. Yakobo akalibadilisha, akamwita Benyamini. Hatumlaumu mkunga wala Yakobo. Lakini tukisoma polepole tunaona jambo moja: mama alitaja uchungu wake, na jibu alilopata lilihusu mtoto.

Nasi wa Kasongo na Kabambare tunafanya vivyo hivyo. Mama akijifungua, tunakwenda nyumbani kwake na sabuni, sukari na kitenge. Tunampakata mtoto, tunauliza jina lake, kama ananyonya, anafanana na nani. Na mama akikaa kimya akitazama ukuta, tunamwambia: «Shukuru Mungu, umezaa salama.» Tunaimba, tunasali, tunaondoka. Wiki ya pili hatumwoni mtu mlangoni pake.

Kiswahili chetu kina neno moja, uchungu, kwa maumivu ya kuzaa na kwa maumivu ya moyo. Uchungu wa kwanza unakwisha mtoto akitoka. Wa pili mara nyingine ndipo unapoanza. Katika siku za mwanzo akina mama wengi hulialia bila sababu, kisha hali hiyo hupita. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, asipotaka kula, akijiona hafai, akimtazama mwanawe kama mtoto wa jirani, huo ni ugonjwa. Waganga wa hospitali huuita depresio, na vitabu vya Kiswahili sonona. Unaweza pia kuanza mimba ikiwa bado tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama zetu unawapata karibu wajawazito 16 katika kila 100, na karibu wazazi 20 katika kila 100 baada ya kujifungua. Basi tukihesabu akina mama watano wenye watoto wachanga katika jumuiya yetu, yaelekea mmoja wao anaumwa, nasi hatujui.

Hatujui kwa sababu tumempa majina mengine. Tunasema ni mvivu. Tunasema hana shukrani. Tunasema amerogwa, au ana pepo, na imani yake ni haba. Kwa majina hayo mgonjwa hufungiwa mahali pa maombi, hufungishwa chakula huku ananyonyesha, na siku za kumtibu zinapotea. Tuseme wazi: sala haishindani na dawa. Anayemnyima mama matibabu kwa jina la Mungu anamsingizia Mungu. Na wapo wachache, mmoja au wawili katika wazazi 1,000, ambao siku chache baada ya kuzaa husikia sauti, huchanganyikiwa na huweza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huyo apelekwe hospitali siku ileile, wala asiachwe peke yake usiku.

Tukumbuke pia nchi tunayoishi. Huko Salamabila na vijiji vya kandokando wako waliokimbia bunduki wakiwa na mimba. Wako waliobeba mimba isiyotokana na penzi wala hiari. Wako waliozika mtoto, na kabla machozi hayajakauka wakaambiwa watazaa mwingine. Tusishangae moyo ukivunjika. Tushangae kwamba hatuulizi.

Wengine watasema: hata dawa ya malaria ni shida, mganga wa magonjwa ya akili tutamtoa wapi? Ni kweli. Kituo cha Sosame kiko Bukavu, nayo si safari ya mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Lakini tusikilize habari ya Pakistan. Huko, katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, wanawake wa kijiji wanaohudumu katika afya, wasio waganga, walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye huzuni, kuwasikiliza na kuwasaidia kuona njia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: mtoto alipofikia miezi sita, waliobaki na ugonjwa walikuwa 23 katika kila 100, kati ya waliotembelewa bila mafundisho hayo, walikuwa 53. Na sisi si wageni wa mambo haya. Katika miaka ya 1970 ni hapa Kasongo ambapo waganga wa Kongo na wa Antwerp walionyesha kwamba afya hujengwa na kituo kidogo kilicho karibu na watu, chenye muuguzi anayewajua wagonjwa wake. Somo lililosafiri kutoka kwetu lisitushinde sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache. Bikira Maria alikaa kwa Elizabeti karibu miezi mitatu. Nasi ziara zetu zisiishie siku ya sabuni. Wawili kati yetu wamrudie mama kila juma kwa miezi mitatu, wakianza kabla hajazaa, na awe jirani Mwislamu pia. Wamteke maji, wamtwangie sombe, wampakate mtoto ili yeye alale. Kisha wamuulize yeye mwenyewe: «Mama, wewe moyo wako unaendeleaje?» na wangoje jibu. Watakaloambiwa lisifike sokoni. Huzuni ikidumu, wamsindikize kwa muuguzi, na muuguzi naye aulize swali hilohilo siku ya kupima mimba. Waume wafundishwe kwamba kumsaidia mzazi hakuwapunguzii heshima.

Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Sisi hatutaki kuja na nguzo. Tunataka kufika mapema, mama akiwa hai, tumwache ataje uchungu wake kwa jina lake, wala tusiharakishe kulibadilisha.