Tupime Chumvi ya Sufuria Kubwa

Njoro haina shida ya mboga. Viazi vinateremka kutoka Mau Narok magunia kwa magunia, karoti na njegere zinauzwa kando ya barabara, na utafiti wa ngano umefanywa hapa tangu 1927. Chakula kinatoka shambani kikiwa kizuri. Kinaharibikia jikoni, pale mkono unapoingia kwenye pakiti ya chumvi na kutoka umejaa, na hakuna anayeuliza ni kiasi gani.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hizo hazijazi kijiko cha chai, na ni za siku nzima: mkate wa asubuhi, githeri ya mchana, ugali na sukuma wiki usiku, pamoja na chochote kilichodonolewa katikati. Wastani wa dunia unakaribia gramu 11. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Karibu robo walisema kwamba huongeza chumvi kwenye sahani kila mara au mara nyingi wanapokula.

Wengi wanaamini kuwa presha huletwa na mawazo, au na uzee, au kwamba ni ya ukoo. Ushahidi wa kuwajibu uko hapa nchini, na inasikitisha kwamba umesomwa zaidi ng'ambo kuliko kwetu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyehudumu Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba alikuwa amepima wanaume wapatao 1,000 na hakuona presha ikipanda kadiri watu walivyozeeka, kama ilivyokuwa Ulaya. Katika utafiti mkubwa wa INTERSALT uliochapishwa 1988, ambao ulipima watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32, kundi moja la Kenya ya mashambani lilikuwa miongoni mwa makundi manne yaliyokula chumvi kidogo mno, na presha zao zilikuwa chini.

Kisha ukaja utafiti uliochapishwa 1990 na Neil Poulter na wenzake. Waliwafuata Waluo waliohama kutoka kijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilianza kupanda mapema, tangu miezi ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua, yaani chumvi zaidi, mboga na matunda kidogo. Watu walewale, damu ya ukoo uleule. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwamo. Hatusemi kwamba chumvi ndiyo mkosaji pekee. Uzito, pombe na kukaa bila kutembea vina sehemu yao. Lakini chumvi ikizidi, mwili hushika maji, damu huongezeka ndani ya mishipa, na moyo, ubongo na figo huanza kulipia. Familia iliyomuuguza mzee baada ya kiharusi, au inayompeleka mtu kusafishwa damu kila wiki, haihitaji kuelezwa gharama yake.

Tukitazama mazoea yetu, chumvi ina milango mingi. Nyama choma huletwa na rundo la chumvi pembeni mwa ubao. Chipsi hunyunyiziwa kabla mteja hajafungua mdomo. Mchuzi hutiwa unga wa pakiti ambao tayari una chumvi nyingi, halafu mpishi anaongeza nyingine kwa sababu hajasoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Mkate nao umo, ingawa ulimi hauhesabu.

Magadi ndiyo hayatajwi kabisa. Mahindi makavu na maharagwe huchukua saa nyingi motoni, makaa ni ghali, kwa hiyo kipande cha magadi hutupwa kwenye sufuria ili githeri ilainike upesi. Magadi ni sodiamu. Kwa kuwa hayana ladha ya chumvi, mpishi anayatia kisha anakoleza chumvi kama kawaida, na mlaji anapata mzigo mara mbili. Tena magadi hupunguza baadhi ya vitamini, hasa zile za kundi B zilizomo kwenye maharagwe. Dawa yake inajulikana tangu zamani: loweka nafaka na maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Makaa yanaokolewa vilevile. Ni kazi ya kukumbuka jioni, basi.

Nyumbani, mwenye jiko anaweza kuamua leo na kupunguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na limau, dania, kitunguu na nyanya vinasaidia. Lakini hatutaki suala hili liishie kwa kina mama kuambiwa wapunguze kijiko. Njoro ni mji wa wanafunzi. Maelfu ya watu hapa wanakula kutoka sufuria kubwa: shule za bweni, mabwalo ya vyuo, hoteli za stendi, vibanda. Anayekula huko hana sauti juu ya chumvi. Mtoto wa bweni anakula alichokolezewa kwa miaka mfululizo, na kwa watoto kipimo kinapaswa kuwa chini kuliko cha mtu mzima.

Hesabu si ngumu. Tukisema mwanafunzi apate gramu 1.5 katika mlo wa mchana na nyingine kama hizo jioni, linabaki fungu dogo la mkate na mengineyo. Kwa wanafunzi 500, gramu 1.5 kila mmoja ni gramu 750, yaani robo tatu ya pakiti ya kilo moja kwa mlo mzima. Mkuu wa shule amuulize mpishi wake ametia ngapi jana. Tunashuku kwamba shule nyingi hazijui.

Chuo Kikuu cha Egerton kipo hapahapa, na kinafundisha lishe na sayansi ya chakula. Wanafunzi wake wanaweza kuanza na bwalo lao wenyewe, kisha waingie katika shule za jirani, wapime kinachotiwa na watangaze matokeo kwa lugha ambayo wapishi na wazazi wanaielewa. Maafisa wa afya wa Kaunti ya Nakuru, ambao tayari hukagua hoteli na vyeti vya wapishi, wawatake wenye hoteli waondoe chumvi mezani na wauze chipsi bila kunyunyiza. Mteja anayeitaka ataomba.

Serikali ya kitaifa ina kazi ambayo Njoro haiwezi kuifanya. Afrika Kusini iliweka kwa sheria kiwango cha juu cha chumvi katika mkate, krips na unga wa supu, na kiwango hicho kikaanza kutumika 2016. Kenya inaweza kufanya hivyo. Kuna pia chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Utafiti wa vijiji 600 vya China, uliotangazwa 2021, ulionyesha kwamba waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14. Hiyo ingefaa kufikishwa madukani kwa bei ya kawaida, kwa onyo kwamba mgonjwa wa figo asiiguse bila daktari.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Chumvi yetu hutiwa iodini kwa sheria, na iodini ndiyo inayotukinga na rovu na kuwalinda watoto walio tumboni. Kupunguza chumvi si kuhamia chumvi ya mawe isiyo na iodini, wala ile ya waridi inayouzwa kwa bei kubwa. Nunueni ya pakiti ileile, itumike kidogo.

Na presha ipimwe. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za kupimia mwaka 2023. Mhudumu akifika langoni, aombwe afunge mkono wa kila mtu mzima aliye nyumbani. Shuleni, kwa kupima chumvi, mizani ndogo kama ya dukani yatosha kwa kuanzia. Bodi za shule za Njoro ziinunue kabla muhula ujao haujafunguliwa, na ziandike kwenye ubao wa jikoni gramu zilizotiwa kila siku, mahali ambapo wazazi wakija watazisoma.