Mashine ya Wote, Mkono wa Mmoja

Katika ofisi nyingi za Kampala, na hata katika vituo vya polisi na kambi za jeshi, aghalabu hupatikana mtu mmoja ambaye hakuajiriwa kuwa fundi, lakini kila mashine inapogoma jina lake ndilo huitwa kwanza. Kazi hiyo hakuiomba. Siku moja alifungua kifuniko cha printa, akaitoa karatasi iliyokwama, mashine ikaendelea kuchapa. Na tangu siku hiyo wenzake wakamvika uhandisi.

Na achukuliwe kwa mfano karani wa ofisi iliyo pembeni mwa Kisenyi, mke wa konstebo, akaaye na watoto katika nyumba za polisi. Kazi aliyoandikiwa ni kutunza majalada na kuandika barua. Kabla hajaketi asubuhi husikia, "Dada, hebu njoo mara moja, mashine imekataa tena." Mara moja hiyo huwa nusu saa. Saa sita hufika na majalada hayajafunguliwa, naye hubaki jioni kulipa deni la asubuhi. Nyumbani watoto hungoja posho na maharage hadi baba yao arudi kutoka zamu na kuwasha jiko mwenyewe. Mwisho wa mwezi mkuu anapouliza sababu ya barua kuchelewa, hakuna hata mmoja wa wale waliomwita anayefungua kinywa.

Hayo ni madogo. Alasiri moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na printa ikatoa moshi. Swali la kwanza lilikuwa: nani alikuwa wa mwisho kuigusa? Macho yote yakamgeukia yeye. Asubuhi ile alikuwa ametoa karatasi tu, lakini mwenye kugusa kila siku hana pa kujitetea. Palizungumzwa habari ya kumkata mshahara.

Ajabu ni kwamba hayo yalitukia hatua chache tu kutoka mahali ambapo watu wanaujua ufundi na mipaka yake. Kisenyi, chini ya kilima cha Mengo, jirani na soko la Owino ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ni mtaa wa vinu vya mahindi, wachomeleaji na magaraji. Pale fundi wa kuchomelea haombwi kufungua mota ya kinu kwa kuwa tu amesimama karibu nayo. Anaitwa wa mota, na bei hupatanwa kabla ya spana kushikwa. Lakini mtu huyo huyo akivaa shati la ofisi, kazi ya bure huitwa adabu, na anayeikataa huitwa mwenye kiburi.

Askari wanalifahamu jambo hili kuliko makarani. Dereva wa gari la jeshi hukagua maji, oili na magurudumu. Injini ikiharibika, huandika taarifa na gari likapelekwa karakana. Hakuna amwonaye dereva huyo kuwa mvivu. Akiifungua injini mwenyewe, hapo ndipo ataulizwa.

Mume wa karani yule ndiye aliyemshauri afuate desturi hiyo. Basi akanunua daftari dogo, akalifunga kwa uzi kando ya printa, akaandika kila wito: tarehe, aliyeita, na kasoro iliyokuwapo. Baada ya wiki mbili alilipeleka kwa mkuu wake.

"Mzee," alisema, "kusaidia sikatai. Lakini nikiwa kwenye mashine, barua zako zinalala. Naomba ofisi iseme ni nani ahusike, na fundi aitwe lini."

Mzee alihesabu kwa kidole. Zilikuwa mara 19. "Kumbe ni kila siku, binti yangu?" Alikuwa hajui, na hakika wakuu wengi hawajui, kwa maana mashine ikitengenezwa kimyakimya huonekana kuwa nzima. Tena Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 nchini Uganda huiweka mali ya serikali chini ya dhamana ya afisa mhasibu. Mfuko wa karani haumo.

Daftari lilifichua jambo jingine: karibu kasoro zote zilitokana na karatasi. Miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, ikagandamana na kukwama. Yafaa ikae ndani ya kifungashio chake mpaka itakapotumika. Ikikwama, mashine izimwe na kuachwa ipoe, kwa kuwa sehemu ya printa ya leza inayoyeyusha wino juu ya karatasi hufikia joto la nyuzi 200 hivi. Kisha karatasi ivutwe polepole kwa mikono miwili, kufuata njia inayopita, isichanike na kuacha kipande ndani. Wino wa unga ukimwagika usipulizwe. Ufutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani maji ya moto huugandisha. Mambo hayo yaweza kufanywa na kila mtu. Yanayohusu umeme ni ya fundi.

Maelezo hayo yalibandikwa ukutani, na mkuu akapanga zamu ya wiki kwa wiki. Mzee mmoja wa masjala aliona uchungu. "Siku hizi umejiona mkubwa, dada," alimwambia. Karani hakujibizana naye. Alisimama kando yake, mikono nyuma, akamwelekeza kwa maneno mpaka mzee akaitoa karatasi mwenyewe. Safari ya tatu hakumwita.

Wapo ambao wangali wanamwita, hasa wageni kutoka ofisi za jirani. Hao huonyeshwa jina la mwenye zamu. Habari ya mshahara ilikwisha pale fundi aliyeletwa alipofungua kifuniko cha nyuma na kueleza kwamba kilichoungua ni sehemu ya umeme, mahali ambapo karatasi haipiti.