Nyongo Haitoi Talaka

Juzi, baada ya sala ya alasiri, alinijia kijana mmoja wa mtaani, uso umemshuka. Alikuwa amemtaliki mkewe kwa ugomvi wa chai, na sasa azunguka kwa masheikh kutafuta njia ya kumrejea. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mzee wangu, nilipandwa na hasira. Ndivyo nilivyoumbwa."

Jawabu hilo lilinikumbusha neno kongwe la Kiingereza, "choler", ambalo maana yake ni hasira. Waingereza wa leo ni nadra kulitamka. Shakespeare amelitia katika Julius Caesar, pale Brutus na Cassius wanapogombana hemani. Ndiyo tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitolea tafsiri ya Kiswahili mwaka 1963.

Asili ya neno hili ni Kiyunani, "khole", yaani nyongo. Lilipita Kilatini na Kifaransa kabla ya kuvuka hadi Uingereza. Matabibu wa kale, akina Galen, walishika kuwa mwilini mna maji ya aina nne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyezidiwa na ile ya manjano, walisema, huwa mwepesi wa kuwaka. Waarabu waliipokea elimu hiyo, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaieleza katika kitabu chake cha Qanun. Nasi wa pwani maneno yake tunayo: belghamu na safura. Hata "cholera", jina la Kizungu la kipindupindu, ni ndugu wa neno hilo.

Utabibu wa leo umekwisha kuiacha itikadi hiyo. Nyongo hutengenezwa na ini, na kazi yake ni kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Haimtukani mke wa mtu, wala haitoi talaka.

Sasa tuyatazame maneno yetu wenyewe. Hasira imetokana na "hasra" ya Kiarabu, yaani huzuni na majuto. Na aliyesoma Sura ya Maryam ajua kuwa Siku ya Kiyama imeitwa humo kwa jina hilo. Hamaki nayo imetoka katika neno la upumbavu. Basi neno la Waingereza lakitupia lawama kiungo cha mwili, na yetu yamwonya mwenye hasira mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) alipoombwa wasia na mtu mmoja, alimkataza kughadhibika, na akalikariri neno lilo hilo. Mja hakatazwi jambo asiloliweza.

Kijana nilimwelekeza kwa kadhi, lakini nilimtaka kwanza aache kuisingizia damu yake. Mkizi akighadhibika huruka mwenyewe akaingia chomboni, na mvuvi hana la kufanya ila kushukuru.