Tuwatibu, Tusiwapachike Majina

Lugha hubeba hukumu. Mtu aliyenaswa na heroini, ile iitwayo "unga" mitaani, tumempachika jina la "teja". Nikiwa mwalimu wa isimu, naona kasoro ya jina hili: humfuta mtu, likabakiza maradhi yake. "Mraibu" ni afadhali, ila nalo lina historia. Uraibu ulihusu mazoea ya starehe, kama kutafuna tambuu. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba mraibu ni mtu apendaye anasa, awezaye kuacha apendapo.

Sivyo. Ubongo uliozoea heroini hubadilika. Mtumiaji akiikosa hupatwa na arosto: jasho, kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa. Kumkaripia hakumwondolei hayo.

Tiba ipo. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu. Kenya ilianza kuitoa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi na Mombasa. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na hupewa ushauri nasaha. Kipimo kikimfaa, hutuliza arosto na kiu ya unga bila kumlewesha.

Wapo wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao. Mwenye kisukari huweza kuhitaji insulini maisha yake yote, wala hatumwiti mraibu. Uraibu ni kushindwa kujizuia hata madhara yakiwa wazi. Anywaye methadoni akarejea kazini na kulea wanawe, ameupata uhuru wake. Isitoshe, aachishwaye unga ghafla mwili wake hupoteza ustahimilivu. Akirudia kipimo cha zamani, chaweza kumuua.

Walimu wenzangu, shuleni aghalabu tatizo ni pombe na bangi, ambazo hazitibiwi kwa methadoni. Hata hivyo, kanuni ni ile ile: kuwahi, kusikiliza, na kumpeleka mwanafunzi kwa mtaalamu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini ni mwanafunzi gani atakayeyafichua maradhi yake, ikiwa malipo yake ni kufukuzwa? Shule imfukuzayo bila kumtafutia tiba haijalimaliza tatizo. Imemkabidhi kwa muuzaji anayemngoja nje ya lango. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akinaswa, msimcheke. Mwiteni kwa jina lake, kisha mfuatane naye hadi kwa mshauri.