Viti Saba, Watu Wanane



Mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa Meru na kufanya maskani yake mtaa wa Majengo, ametuletea swali ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona ni la mafundi wa magari kuliko la sheikh. Mumewe ni mfanyabiashara, Mwenyezi Mungu amemfungulia riziki, na sasa ameazimia kununua gari la familia. Amelichagua kabisa: Toyota Alphard iliyotumika, inayouzwa Mombasa, yenye viti saba. Mara mbili kwa mwaka nyumba nzima huteremka pwani kuwaona wazee, na nyumba hiyo ina watu wanane. Yupo mume na mkewe, mama mzaa mume ambaye magoti yanamsumbua, watoto wanne wa miaka 14, 11, 7 na mmoja aliyetimiza mwaka juzi juzi, pamoja na dada anayewasaidia kazi za nyumbani.

Mke alipouliza wa nane atakaa wapi, mume alijibu kwamba hilo si neno: dada atakaa nyuma na kumpakata mdogo. Naye mama anatuuliza, je, ana haki ya kulipinga jambo hilo ilhali gari ni mali ya mumewe?

Ana haki, bila shaka. Lakini kusema hivyo tu hakutamsaidia mbele ya mume ambaye moyo wake umekwishapenda, kwa hiyo na tulitazame gari lenyewe kwanza.

Gari hili Wajapani walianza kuliuza mwaka 2002, na mwaka 2008 likapata ndugu yake aitwaye Vellfire. Ni kubwa kwelikweli, upana wake kama mita 1.85 na urefu unaokaribia mita 5. Safu yake ya pili, katika gari la viti saba, ina viti viwili tu, vimetengana, kila kimoja na mahali pake pa kuwekea mikono, na katika mengi kuna kiegemeo cha miguu kinachoinuka mpaka msafiri akawa nusu amelala. Hapo ndipo pesa ilipokwenda. Anayelitamani gari hili aghalabu huwa amekaa mara moja katika kimojawapo cha viti hivyo viwili, akatoka akiwa si yule aliyeingia.

Sasa, mama yetu na amwulize mumewe kwa upole: vile viti viwili vimepata wapi upana wao? Gari hilihili liko pia la viti vinane. Safu yake ya pili ni kiti kirefu cha watu watatu, wala bodi yake haikuongezwa hata inchi moja. Maana yake ni kwamba raha ya wawili imepatikana kwa kuondoa nafasi ya mmoja. Katika nyumba ya watu sita, hilo halina ubaya wowote, wala hatuwi miongoni mwa wanaodhani kila starehe ni israfu. Mzee wa miaka 70 aliyesafiri tangu Meru hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 700, akanyoosha miguu yake, huo ni wema aliofanyiwa. Lakini katika nyumba ya watu wanane, aliyeondolewa nafasi ana jina na ana sura. Mume amekwisha kumtaja.

Kuna jambo la safu ya tatu ambalo wanunuzi hulipita upesi, kwa sababu anayelipa hakai huko. Safu hiyo iko juu ya magurudumu ya nyuma. Kila tuta huanzia mbele na kumalizikia mgongoni mwa aliyeketi pale, na kila kona humyumbisha yeye zaidi ya wenziwe. Wenye kuijua barabara ya Embu kwenda Meru wanafahamu tunasema nini. Ukiiacha Embu, barabara inazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na mito inayotoka mlimani inaikata mmoja baada ya mwingine: Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga. Kila mto una bonde lake, kila bonde lina mteremko wenye kona na mpando wenye kona. Mtoto wa miaka 7 aliyeshiba chai ya maziwa na mahamri kabla ya kuondoka, ukamtia safu ya nyuma kabisa, hafiki Chuka bila kutapika. Na bibi mwenye magoti mabovu, akipitishwa katikati ya vile viti viwili ili akaketi nyuma, ataingia kwa kushikwa na atatoka kwa kuvutwa.

Hilo la kumpakata mtoto ndilo lililotufanya tuandike leo badala ya kungoja juma lijalo.

Julai 2022 basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la Mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafariki dunia. Nyumba za pwani na nyumba za Meru zililia siku moja. Hatulitaji kwa kuwatisha watu wasisafiri, kwani ajali ya gari dogo haina haja ya bonde. Breki moja ya ghafla yatosha. Gari likisimama ghafla, mtoto wa kilo 10 aliye mapajani haendelei kuwa na kilo 10. Uzito wa kusukumwa kwake huongezeka mara nyingi, wala hakuna mikono ya mama, wala ya dada, inayoweza kumzuia. Na yule aliyempakata, akiwa amefunga mkanda yeye peke yake, mtoto hana kinachomshika. Wakifungwa wote wawili kwa mkanda mmoja, mwili wa mkubwa humbana mdogo dhidi ya mkanda. Mtoto wa umri huo ahitaji kiti chake mwenyewe, kile kidogo kinachofungwa juu ya kiti cha gari. Kwa hiyo naye ni abiria kamili, tena wa kwanza kuhesabiwa.

Wakenya tulikwisha kulipitia somo hili kwa matatu. Kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo hadi leo watu huziita kwa jina la waziri wa wakati ule, John Michuki, ziliamuru kila abiria awe na kiti chake na mkanda wake. Twakumbuka jinsi watu walivyolalamika, kisha wakashukuru. Si ajabu basi kuona matatu ikipakia kwa hesabu, na gari la nyumbani, lililobeba wale tuwapendao zaidi, likipakia kwa kukisia?

Ama kuhusu gari kuwa mali ya mume, imepokewa kwa Abu Dawud kwamba mwenye mnyama ndiye mwenye haki zaidi ya kukaa mbele ya mnyama wake, isipokuwa akimwachia mwingine haki hiyo. Mume ana haki yake, hatumnyang'anyi. Lakini haki ya kukaa mbele ni kitu kimoja, na haki ya kumhatarisha aliye nyuma ni kitu kingine ambacho mali haimpi mtu. Mtoto ni amana. Na yule dada ni amana mara mbili, kwani wazazi wake wamemtoa kwao akiwa mzima wakitaraji kumwona akirudi mzima.

Tungekuwa sisi ndio tunaoulizwa na mume, tungemwambia alitafute la viti vinane, au ayatazame magari mengine ya namna hiyo, kama Toyota Noah, ambalo nalo hupatikana la watu saba na la watu wanane. Noah ni jembamba zaidi, injini yake ya kawaida ni ya lita 2, na mafuta hayali kama Alphard. Halina fahari ileile. Lakini vipuri vyake na mafundi wake wamejaa Embu na Meru, maana wengi huko hulitumia kubeba abiria. Tukumbushe tu kwamba katika gari la viti vinane, kufika safu ya tatu kwahitaji kukisogeza au kukikunja kiti cha katikati, kwa hiyo walioko nyuma wawe ni wenye viungo vyepesi.

Basi watu wakae hivi. Baba kwenye usukani, na kijana wa miaka 14 ubavuni mwake. Safu ya pili, bibi karibu na mlango ili ashuke kwa urahisi, mama katikati, na mdogo katika kiti chake. Nyuma, dada pamoja na wale wa miaka 11 na 7, na huyu wa 7 apewe mfuko mapema. Wakati wa kurudi wabadilishane: mama akae mbele na mumewe, dada aje safu ya pili karibu na mtoto, na kijana aende nyuma akaonje matuta. Haipendezi mtu mmoja awe wa nyuma kwenda na kurudi, kila mwaka, kwa sababu tu ni yeye anayeosha vyombo.

Na mizigo? Safu ya tatu ikiwa imesimama, buti linalobaki ni dogo mno kwa watu wanane. Viti hivyo vya nyuma hukunjwa vikainuliwa ubavuni, na muuzaji atakuonyesha uwanja mpana kabisa, lakini wakati huo hakuna mtu nyuma. Ndizi na viazi vya kuwapelekea wazee Mombasa vitangulie kwa basi siku moja kabla. Visirundikwe juu ya viti nyuma ya vichwa vya watoto.

Jambo dogo kwa akina mama: milango ya ubavuni ya magari haya huteleza, na mingi hujifunga yenyewe kwa umeme. Pindo la buibui likunjwe mapajani kabla mlango haujafungwa. Baibui nyeusi hazionekani gizani, na mlango hauna macho.

Mwisho, mama asikubali malipo yafanywe kwa picha za simu. Wakiteremka Idd ijayo, waende kwa muuzaji wote wanane, bibi na dada wakiwamo, waingie garini, wafunge mikanda, milango ifungwe, na wakae humo nusu saa. Mume aketi safu ya tatu.