Pikapu ni gari la familia, ila nyuma wakae magunia

Haya jamani, wiki hii bwenini kwetu ubishi ulikuwa mmoja tu: ukimaliza chuo ukapata kazi, unavuta gari gani? Washkaji wengi wanataka vigari vidogo vinavyonusa mafuta tu, na wale wenye ndoto kubwa wanataka Harrier ya kuzugia mjini. Mimi nikasema pikapu. Walivyocheka! Eti pikapu ni gari la fundi bomba, la kubebea saruji na mbuzi, huwezi kumpeleka mchumba wala watoto popote. Basi nimeona niandike hapa kwa kirefu, maana kule bwenini ukiwa mmoja dhidi ya sita hata ukiwa na hoja unazimwa.

Mimi nimekulia kwenye pikapu. Ya nyumbani Moro ni dabo kebini ya dizeli, rangi yake ya mwanzo sasa ni suala la mjadala, na ndiyo iliyotutembeza. Wengine likizo walikuwa wanapelekwa kuona bahari, sisi Mzee akipata Jumamosi ya bure anasema "pakieni", basi. Tukitoka Bigwa tunashika njia ya Matombo, milima ya Uluguru ikiwa kulia, tunapita Mkuyuni, tunatafuta kijito chenye kivuli na mawe ya kukalia. (Vijito vile ndivyo vinavyoingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoleta maji Dar, kwa hiyo nyie mnaooga hapa Mlimani siku bomba linapotoa maji, mjue mimi na wadogo zangu tuliyaogelea kwanza. Teh teh.)

Sasa angalia mzigo wa safari kama hiyo. Mama hajui kitu kinaitwa chakula cha njiani cha kununua. Ni sufuria mbili kubwa, jiko la mkaa, gunia la mkaa nusu, ndoo, dumu la maji ya kunywa, mikeka mitatu, kuku wawili ambao asubuhi walikuwa wazima, na kiti cha Bibi kwa sababu Bibi hakai chini kwenye mawe. Kwenye gari dogo hapo unaanza kuchagua: ama jiko ama mkeka, ama kiti ama Bibi mwenyewe. Kwenye pikapu hakuna anayeulizwa. Unatupa nyuma, unafunga turubai, mnaondoka. Na kurudi ni hivyo hivyo: mikungu ya ndizi, mananasi, iliki na mdalasini za kwa wakulima wa kule, watoto wana matope mpaka masikioni. Siku ya pili unamwaga ndoo mbili za maji kwenye bodi, unafagia, kwisha kazi. Nani ataosha hivyo viti vya Harrier?

Halafu kuna barabara. Njia ile nimeijua ya vumbi, mawe na kona, na masika ikinyesha Uluguru utelezi wake si wa mchezo. Pikapu imenyanyuka, chini haikwaruzi, na nyuma ina zile springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka kama chapati, ambazo zimetengenezwa kubeba karibu tani nzima. Ndiyo maana ikiwa tupu inarusha sana: springi zinasubiri mzigo na mzigo haupo. Tena ikiwa tupu nyuma ni nyepesi, ukifunga breki kwenye matope mkia unaweza kukupita. Mzee siku za mvua anaweka mifuko miwili ya mchanga nyuma, karibu na ekseli. Nilipofika CoET ndipo nikasoma kwa nini, ila yeye alikuwa anajua zamani bila hesabu.

Kasoro yake kubwa ya kijamii ni kwamba pikapu haina mwenyewe. Ukinunua umenunua gari la ukoo na la mtaa mzima. Anayehama anakuja kuomba, mwenye msiba anakuja kubebea viti na maturubai, mwenye harusi anataka matarumbeta wapande humo watangulie msafara. Safari zetu ngapi zimeahirishwa saa mbili asubuhi kwa sababu jirani ana makabati yake! Lakini hilo nalisamehe, ndiyo kuishi na watu.

Nisilolisamehe ni jingine, na hapa najua nitawaudhi hata wale wachache walioanza kukubaliana na mimi. Dabo kebini ina viti vya watu watano. Sisi Desemba, shangazi na Baba Mdogo wakishafika na watoto wao, tunakuwa kumi na mmoja. Hesabu inafanyikaje? Mmeshajua. Mbele Mzee na Bibi, kiti cha nyuma akina mama na wachanga, na sisi "vijana" juu ya mikeka kwenye bodi, tumeshikilia bomba, upepo usoni, tunaimba. Tukikaribia wanaposimama trafiki, Baba Mdogo anagonga bati mara mbili na wadogo wanalala chini ya turubai kama viazi. Ilikuwa raha kinoma, sidanganyi. Ukiwauliza wadogo zangu leo wachague kati ya kiti na bodi, watakanyagana kugombea bodi.

Na kila ukisema neno unajibiwa kwamba gari hili ni gumu. Kweli ni gumu. Mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha BBC walichukua Hilux iliyochoka, wakaiacha baharini maji yakajaa yakaifunika, wakaitia moto, na mwisho wakaipandisha juu ya jengo refu la ghorofa likabomolewa nayo ikiwa juu. Ikaokotwa kwenye kifusi, fundi akahangaika nayo kidogo, ikawaka. Mzee ameiona hiyo video mara nyingi kuliko taarifa ya habari. Sasa swali langu ni moja: kwenye lile jengo, nyuma kwenye bodi aliwekwa mtu? Ugumu ule ni wa fremu na injini. Aliyekaa nyuma hana mkanda, hana kiti, hana paa, ana bomba tu la kushika.

Tufanye hesabu ndogo ya kidato cha tatu. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na wewe uliye nyuma uko kwenye hizo hizo 50, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Gari likisimama ghafla, wewe hujasimama. Kasi hiyo ni sawa na ya mtu aliyedondoka kutoka mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Ikiwa 80, ambayo kwenye lami wala haionekani mwendo, ni kama mita 25. Hakuna mzazi anayeweza kumkalisha mtoto kwenye ukingo wa ghorofa ya nane akamwambia "shika bomba vizuri".

Wala si lazima gari ligonge kitu. Miaka michache iliyopita binamu yangu alirushwa na tuta, tuta la kawaida tu ambalo dereva (hakuwa Mzee) alilichelewa kuliona. Alipaa, akatua na mkono kwenye ukingo wa bodi, mfupa ukavunjika mara mbili. Safari iliishia hospitali na ile pilau ikaliwa na wauguzi. Mpaka leo mkono ule haunyooki wote. Na familia ilisemaje? "Mungu mkubwa, ni mkono tu." Likizo iliyofuata tukapanda tena.

Kuna wanaodhani dawa ni kufunika bodi kwa turubai au kuweka lile banda la juu. Linazuia jua na mvua, sawa. Lakini gari likitembea, hewa ya nyuma huzunguka na kuuvuta moshi wa ekzosi kurudi ndani, na ile hewa ya ukaa yenye sumu haina harufu wala rangi. Mtoto anaonekana amesinzia kwa uchovu wa kuogelea kumbe amelewa moshi. Mwaka 1992 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha habari za watoto waliodhurika hivyo hivyo nyuma ya pikapu. Kwa hiyo ukifunika umebadilisha hatari, hujaiondoa.

Najua mtakalosema. Kwamba vijijini pikapu ndiyo daladala, ndiyo gari la wagonjwa, watu wanapanda juu ya mkaa na ndizi kwa sababu hakuna kingine. Sibishi kabisa. Mama mjamzito akizidiwa kule juu milimani usiku, mpakieni kwenye chochote chenye magurudumu. Lakini yule amelazimika, hana njia nyingine, na lawama kama ipo inawahusu wanaotakiwa kuleta usafiri. Sisi tunakwenda kula kuku kijitoni! Hakuna anayetufukuza. Tunaweza kwenda Jumamosi nyingine, tunaweza kwenda wachache, tunaweza kwenda mara mbili.

Likizo iliyopita nikamwambia Mzee, kwa adabu zote, "Baba, naomba mwaka huu nyuma wasikae watu." Akanitazama akaniuliza, "Wewe tumekupeleka kusoma magari au kuyaogopa?" Watu wakaangua kicheko. Akaongeza kwamba yeye alipanda malori tangu akiwa na miaka saba na yuko hapa. Sasa hapo unamjibuje mzazi? Waliopanda naye ambao hawapo, hawapo kwenye kile kibaraza kutoa ushahidi. Sikulisema hilo, nililimeza. Mama ndiye aliyenifuata jikoni baadaye, akasema tangu ule mkono yeye huwa anahesabu vichwa kwenye kioo cha nyuma njia nzima, wala hafaidi safari. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui.

Ugumu uliobaki ni Bibi. Bibi hataki habari ya kwenda kwa zamu. Anasema safari ya nusu familia ni safari ya watu waliogombana, na pengine hatabaki na Desemba nyingi. Namwelewa sana. Kwa hiyo pendekezo langu, ambalo nitalipeleka kupitia kwa Mama, ni hili: pikapu ibebe watano na mzigo wote, kiti cha Bibi kikiwemo, halafu tukodi Noah moja ya kubeba sita waliobaki. Bila mzigo wataenea vizuri. Mimi nitachangia kwenye boom, ndiyo, mmesoma sawasawa, boom. Baba Mdogo naye kwa simu hajakataa, amesema "tutaona", ambayo kwa kwetu ni nusu ya ndiyo.

Kwa hiyo watu wa Moro mnaosoma hapa, nani anajua bei ya kukodi Noah kwa siku nzima mpaka Matombo na kurudi, dereva na mafuta ndani? Isiwe bei ya kuambiwa mwanafunzi wa Mlimani. Nahitaji kabla ya UE maana baada ya hapo boom litakuwa limeshageuka chipsi.