Mwenye Biashara Naye Atafute wa Kumhoji

Ndugu zangu wenye maduka, mashine za kusaga, magari ya mizigo, zahanati na shule za binafsi, leo nina neno nanyi. Mtu akishakuwa bosi, wanaomzunguka huacha kumwambia kweli, na wala hawafanyi hivyo kwa ubaya. Mhasibu analinda kibarua chake. Shemeji aliyewekwa stoo analinda undugu. Ofisa mikopo wa benki atamsifu maadamu marejesho yanaingia na hati ya nyumba imo kabatini mwake. Mke, au mume, huliona pengo la fedha kabla ya watu wote, lakini neno lake hupokewa kama ugomvi wa nyumbani. Mshindani wa jirani anajua kabisa mwenzake anapokosea, naye hunyamaza huku moyo wake umetulia. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na ni kweli: ada za watoto wa ndugu, michango ya harusi na gharama za misiba vyote hutupwa kwa mkubwa. Kitu kimoja tu hakitupwi huko, nacho ni habari kwamba biashara yake inaoza. Hiyo huzunguka mtaa mzima, na mwenyewe huwa wa mwisho kuipata.

Kwa hiyo nasema kila mwenye biashara atafute wenzake wachache walio na mzigo kama wake, wenye kazi tofauti na yake, wakutane kila mwezi wakiwa na madaftari, wahojiane. Sisemi wachangiane fedha, wala wagawane zabuni. Wahojiane.

Tuanze na jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Tanzania amewahi kulisikia, kama hajalisema mwenyewe: chuma ulete. Asubuhi droo ilikuwa na fedha, jioni hesabu hazikai. Anakumbukwa mteja fulani aliyetoa noti kubwa akaondoka na chenji, basi ni yeye aliyezivuta. Mtaalamu anaitwa, hirizi inatundikwa, droo inahamishwa upande wa pili wa kaunta. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nasema tu kwamba mwenye duka huyo angekaa mbele ya wenzake saba, huyu wa spea za pikipiki, huyu wa dawa za mifugo, huyu wa mgahawa, asingemaliza kueleza kabla hajaulizwa. Mshahara wako mwenyewe unauandika wapi? Nauli ya mtoto kwenda shule ilitoka droo ipi? Mali kauli uliyompa yule fundi tangu mwezi wa pili, amelipa? Mchele uliokwenda nyumbani uliingizwa kwenye mauzo? Mara nyingi mchawi hupatikana hapohapo, tena huwa ndiye anayehojiwa. Mganga hawezi kuuliza maswali hayo, kwa sababu yeye anakula kwa majibu mengine.

Msomaji asidhani jambo hili limezuliwa juzi na wauza semina. Mwaka 1727, katika mji wa Philadelphia, kijana wa miaka 21 aliyekuwa fundi wa kupiga chapa, Benjamin Franklin, aliwakusanya wenzake wakaunda chama walichokiita Junto. Walikutana kila Ijumaa jioni. Wengi wao hawakuwa mabwana wakubwa. Alikuwamo fundi wa vioo, mpima ardhi, fundi seremala, karani wa mfanyabiashara, mtu wa kunakili hati, na mmoja aliyekuwa ameanzia kazi ya ushonaji viatu. Kila kikao kilikuwa na maswali 24 yaliyokwisha andikwa, na kati ya swali na swali waliacha nafasi ya mtu kujaza bilauri na kunywa. Maswali yenyewe yanastahili kuangaliwa. Je, umesikia ni nani mjini amefilisika karibuni, na kwa sababu gani? Ni nani anastawi, na kwa njia zipi? Kuna kijana mwema aliyefungua kazi yake hivi majuzi ambaye sisi tunaweza kumsaidia? Una jambo lolote ambalo wenzako wanaweza kukushika mkono?

Tazama mpangilio huo. Kufilisika kwa mtu hapo si umbea wa kibarazani, ni somo lenye sababu inayotafutwa. Kustawi kwa mtu si jambo la kuonewa kijicho wala kusingiziwa, ni njia inayochunguzwa. Sisi habari hizo tunazo kila siku, mjini na vijijini, lakini tunazisimulia ili tucheke au tushangae, kisha tunaagana.

Franklin alifungua kazi yake mwaka 1728 kwa ubia na Hugh Meredith, mwanachama mwenzake. Baba yake Meredith ndiye aliyeahidi kulipia mitambo, akalipa nusu, iliyobaki ikamshinda. Mdai akaenda mahakamani. Meredith mwenyewe alikuwa mlevi, anaonekana barabarani amelewa. Hapo ndipo wenzake wawili wa Junto, William Coleman na Robert Grace, walipomwendea Franklin, kila mmoja kwa wakati wake bila mwenzake kujua, kila mmoja akajitolea kumpa fedha zote zilizohitajika. Lakini walimwambia pia kwamba ubia ule hawaupendi, kwa kuwa mbia wake anamharibia jina. Franklin alingoja mpaka Meredith mwenyewe alipokubali kujitoa, ndipo akachukua nusu kwa huyu na nusu kwa huyu ili asimuudhi yeyote. Ni nani mwingine angemwambia neno lile kuhusu mbia wake? Mfanyakazi asingethubutu. Na mkopeshaji wa kawaida angeangalia dhamana tu.

Kuna kanuni mbili za Junto ambazo naziona ni za thamani kuliko maswali yenyewe. Ya kwanza, baada ya muda walipiga marufuku kauli za ujuaji na za kumpinga mtu usoni. Aliyezitoa alitozwa faini ndogo. Fikiri kikao cha wanaume wa makamo wa kwetu, wote wamezoea kusikilizwa makwao, wakitozwa shilingi elfu mbili kwa kila "mimi nakuhakikishia". Sanduku lingejaa kabla ya chai. Ya pili ni idadi. Wanachama walipotaka kuleta marafiki na chama kizidi watu kumi na wawili, Franklin alikataa. Alipendekeza kila mmoja akaanzishe kikundi chake pembeni chenye maswali yaleyale, asitaje kwamba kina uhusiano na Junto. Watano au sita walifanya hivyo. Wengine walishindwa, na chama hakikuvunjika kwa hilo.

Karne mbili baadaye wenye viwanda wa Marekani waliigundua dawa ileile upya. Ray Hickok aliachiwa kampuni ya familia ya kutengeneza mikanda huko Rochester akiwa bado hajafika miaka thelathini. Mwaka 1950 akawakusanya vijana wenzake waliojikuta kwenye kiti cha mkurugenzi mapema, na hapo ukazaliwa umoja wa YPO. Watoto walioachiwa maduka ya baba zao Mombasa, Moshi na Mwanza wataelewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1957 Robert Nourse alianza vikao vya namna hiyo Milwaukee, na kazi yake ndiyo inayoitwa Vistage leo. Dar es Salaam nako wakurugenzi wa makampuni makubwa wana jukwaa lao tangu mwaka 2000, ambalo marehemu Ali Mufuruki alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Wakubwa wamekwisha jipanga. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makambako ndiye aliye peke yake.

Msomaji mgumu atasema hizi ni hadithi za waliofanikiwa, kwa kuwa aliyekaa kwenye kikundi akafilisika haandiki kitabu. Hoja hiyo ni ya haki, na imejibiwa. Watafiti Jing Cai na Adam Szeidl walichukua kampuni changa 2,820 za China, wakazigawa kama kwa kupiga kura: nyingine mameneja wake wakutane kila mwezi kwa mwaka mmoja katika vikundi vidogo, nyingine wasikutane. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliokutana mauzo yao yaliongezeka kwa asilimia 8.1 kuliko wasiokutana, faida nayo ikapanda, na mwaka mmoja baada ya vikao kwisha tofauti ilikuwa bado ipo. Waliopangwa na wenzao wenye biashara bora walikua zaidi. Kisha watafiti wakawapa baadhi yao habari zenye manufaa ya kibiashara, wapate kuona kama watawaambia wenzao. Waliwaambia, hasa pale ambapo waliokaa pamoja hawakuwa washindani.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulishike, maana linaondoa hofu kubwa kuliko zote, ile ya siri. "Nikiwaonyesha ninanunua wapi, kesho watanizunguka." Ukiketi na wa biashara yako, utazungukwa, wala usilaumu mtu. Wauza saruji watano wa mtaa mmoja wakifunga mlango, ama watadanganyana ama watapanga bei, na kupanga bei kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lakini mwenye zahanati atafanya nini na jina la anayekuuzia saruji kwa jumla? Yeye anachokiona kwako ni kwamba wadeni wako wanakaa miezi minne bila kulipa, na anakiona upesi kwa sababu hayo yamemkuta na wagonjwa wa bima. Matatizo ya wenye biashara yanafanana kuliko bidhaa zao: mtaji uliolala stoo, ndugu aliyeajiriwa asiyefukuzika, mkopo mmoja uliokopwa kulipia mwingine, mtoto asiyetaka kurithi duka.

Wengine watasema tunavyo vyama tayari. Tunavyo, tena kwa hili hatuhitaji kufundishwa nidhamu na mtu yeyote. Katika vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, kina mama hukaa duara, anayechelewa anatozwa faini, na sanduku la fedha lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Ni wakurugenzi wangapi wenye shahada wanaochunga fedha zao namna hiyo? Lakini vikundi hivyo huuliza swali moja tu la biashara: marejesho yako yako wapi? Mama akileta fedha, anapigiwa makofi, hata kama amezikopa kwa watu wa kausha damu asubuhi ileile. Uchungaji wa fedha tunao. Ninachoomba ni kuongeza saa moja na nusu ya kuuliza fedha hizo zimepatikanaje. Wale wa upatu na VICOBA wanaweza kuanza wiki ijayo, maana duara tayari lipo, kanuni zipo na watu wanaaminiana.

Kuhusu muda, sina la kusema refu. Mtu anayepata muda wa vikao vitatu vya harusi kwa mwezi mmoja anao muda.

Naonya juu ya jambo moja. Kikao cha namna hii kikiachwa kijiendee, kitageuka cha kupeana sifa au, vibaya zaidi, cha kupeana amri. Kila mmoja anakuwa mshauri: fukuza huyo, funga tawi hilo, hamia mtandaoni. Ushauri wa haraka ni wa bei rahisi kwa sababu mtoaji halipi hasara yake. Ndiyo maana vikundi vilivyodumu hupendelea mtu aeleze lililompata yeye mwenyewe na alivyofanya, kisha amwachie mwenye tatizo achague. "Mimi nilimwondoa mdogo wangu kwenye duka, nyumbani hatukusemezana mwaka mzima, na duka likapona." Neno kama hilo lina uzito kuliko amri kumi, na aliyelisikia anajua gharama yake kabla hajaamua.

Pia msichague wanaofanana mno. Franklin huyohuyo, pamoja na maswali yake yote mazuri, aliwahi kumiliki watumwa, na ni mwaka 1787, katika uzee wake, alipokuwa rais wa chama cha kupigania kukomeshwa kwa utumwa huko Pennsylvania. Watu wa daraja moja watakuonyesha makosa yako, lakini lile mlilolizoea wote litapita katikati yenu bila kuulizwa. Wanaume tupu mezani hawataona kwa nini wahudumu wa kike wanaacha kazi kila baada ya miezi miwili. Wekeni wanawake, wekeni kijana mmoja anayeuza kwa simu, wekeni mzee aliyewahi kufunga biashara akaanza upya.

Basi tafuteni watu hao mwezi huu. Wawe sita, wanane, wasizidi kumi na wawili. Pangeni siku isiyohama, mahali pasipo na televisheni wala pombe, na simu zikae kikapuni. Kubalianeni kwa maandishi kwamba la humu haliendi kwa mke, wala kwa mume, wala msikitini, wala kanisani, na atakayelitoa naye atoke. Anayekosa mara mbili bila udhuru nafasi yake apewe mwingine. Kila kikao watu wawili tu wahojiwe, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Na kikao cha kwanza asisukumwe mgeni kuanza: aliyewaita wenzake ndiye afungue daftari lake, tena aanzie ukurasa wa wadeni.